Uchovu usioisha: pima tezi ya shingo na damu kabla ya kununua chupa ya vitamini

Mtu analala usiku mzima na bado anaamka hana nguvu. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi inakauka hata ikipakwa mafuta, uzito unapanda na chakula ni kilekile, hedhi imekuwa nzito, mambo madogo yanasahaulika. Jirani atasema ni tezi. Dada atasema ni damu imepungua. Muuza duka la dawa atatoa chupa ya vitamini. Kila mmoja anaweza kuwa amepatia, kwa sababu tezi ya shingo iliyolegea (isiyotoa homoni ya kutosha), upungufu wa madini ya chuma na upungufu wa vitamini B12 hufanana mno kwa dalili. Hata daktari mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa macho. Kinachovitenganisha ni damu iliyopimwa vizuri, na ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu ni mmoja tu: kupima kwanza, kumeza baadaye. Ukimeza kwanza, mara nyingi unaharibu hata kipimo chenyewe.

Kabla ya kwenda hospitali

Chukua daftari uandike kwa wiki mbili. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Mapigo yanayozidi 100 mtu akiwa ametulia si ya kawaida. Yaliyo chini ya 60 kwa mtu asiye mwanamichezo, yakiambatana na kuhisi baridi na choo kigumu, yanaelekeza kwenye tezi iliyolegea. Pima uzito mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile. Andika hedhi: siku ngapi, na pedi inabadilishwa baada ya muda gani. Ikilowa kila baada ya saa moja au mbili, au siku zikizidi saba, hiyo ni damu nyingi inayopotea, hata kama mama na bibi nao walikuwa hivyo.

Kisha andika kila unachomeza: dawa za hospitali, za mitishamba, vidonge vya nywele na kucha, na hata krimu za kung'arisha ngozi. Wengi huficha hizi mbili za mwisho kwa aibu, na zina maana kubwa. Krimu nyingi za kung'arisha, na baadhi ya dawa za unga za maumivu ya viungo zinazouzwa kama za asili, huwa zimechanganywa na steroidi, dawa zinazofanana na homoni ya mwili wenyewe. Mtu akizitumia miezi mingi kisha akaziacha ghafla, tezi za adrenali zilizo juu ya figo, zinazotoa homoni hiyo, zinaweza kuwa zimezoea kukaa bila kazi. Hapo huja uchovu mzito, kichefuchefu na kizunguzungu cha kusimama. Mwambie daktari.

Jambo jingine la kusema bila haya ni hamu ya kula udongo, pemba, mawe laini, barafu au mchele mbichi. Hamu hiyo ni miongoni mwa dalili za kuaminika zaidi za upungufu wa madini ya chuma. Nayo hujizungusha: udongo hunasa chuma tumboni kisifyonzwe, upungufu unaongezeka, na hamu inaongezeka.

Shingo itazame hivi. Simama mbele ya kioo penye mwanga unaotoka ubavuni, inua kidevu kidogo, jaza maji mdomoni, kisha meza huku ukitazama sehemu iliyo chini ya kikoromeo na juu ya mfupa wa kifua. Tezi hupanda na kushuka pamoja na mmezo. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka nao, upande mmoja au pande zote mbili, huenda ni rovu au kinundu cha tezi. Usiufinyefinye, nenda ukaonwe. Uvimbe mgumu unaokua haraka, sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu, au kumeza kwa shida, visisubiri. Na shingo isiyo na uvimbe haikuondolei shaka, maana tezi nyingi zilizolegea hazivimbi kabisa.

Vipimo vya kuomba, na namna ya kwenda maabara

Safari ya kwanza inatosha kuwa na vipimo hivi: picha kamili ya damu, feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini), TSH (homoni inayoiamrisha tezi ya shingo) pamoja na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe), sukari, VVU, na kipimo cha mimba kwa mwanamke anayeweza kubeba mimba. Fedha ikiwa haitoshi, anza na picha kamili ya damu na TSH. Vitamini B12 ipimwe ikiwa mtu anatumia metfomini ya kisukari au omeprazoli ya kiungulia kwa miaka, hali nyama wala samaki wala maziwa, au ana ganzi miguuni. Vitamini D kwa anayeishi bila jua. Orodha ndefu ya "vipimo vya homoni zote" inayouzwa kama kifurushi haina faida kwa mtu ambaye hata wingi wake wa damu haujulikani.

Nenda asubuhi, na ukirudia kipimo rudi saa zilezile na maabara ileile, kwa kuwa TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Usipime ukiwa na malaria, nimonia au homa kali. Ugonjwa wowote mkubwa hupotosha TSH, na feritini nayo hupanda mwili unapopambana na ugonjwa hata kama akiba ya chuma imekwisha. Subiri wiki kadhaa baada ya kupona. Kama tayari unatumia levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya tezi, toa damu kwanza, umeze kidonge baadaye.

Biotini inahitaji onyo la peke yake. Vidonge vingi vya nywele na kucha vina maikrogramu 5,000 au 10,000 za biotini, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, hivyo ikijaa kwenye damu huzalisha majibu ya uongo: TSH inaonekana ya chini na T4 inaonekana ya juu, kana kwamba tezi inakwenda mbio. Wapo wanaoanzishiwa dawa ya kupoza tezi iliyo nzima kwa sababu hiyo. Acha biotini angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na kama dozi ni kubwa, siku nyingi zaidi.

Kusoma karatasi ya majibu

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ikilegea, amri inapanda; tezi ikizidisha, amri inashuka. Ndiyo maana TSH ya juu maana yake ni tezi dhaifu, jambo linalowachanganya wengi wanaposoma karatasi yao.

Mipaka ya kawaida ya mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4.0 mIU/L, na µIU/mL ni kitu kilekile. T4 huru huwa takriban 10 hadi 20 pmol/L. Ikiandikwa kwa ng/dL, zidisha kwa 12.9 upate pmol/L. Fuata mipaka iliyochapishwa kwenye karatasi yako, kwani mashine hutofautiana.

TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, tezi imelegea na dawa inahitajika. TSH ikiwa juu kidogo, mathalani 6, na T4 huru ikiwa ya kawaida, usikimbilie dawa. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na kipimo cha kingamwili za TPO (zinazoonyesha kuwa kinga ya mwili inashambulia tezi), kwa sababu wengi hurudi kawaida wenyewe. Ikizidi 10 na kubaki hapo, madaktari wengi huanzisha tiba. Mjamzito na anayetafuta mimba wana mipaka yao. Hao wasisubiri miezi mitatu.

Sasa hapa pana mtego ambao tungependa kila mkunga na kila mama aujue. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kuumia pituitari, kwa kuwa tezi hiyo huwa imekua wakati wa mimba na hukosa damu ya kutosha presha inaposhuka. Dalili ya kwanza ni kukosa maziwa baada ya kujifungua. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani na za siri zinapukutika, na uchovu unaingia polepole kwa miaka. Huyu akipimwa TSH peke yake, majibu yanaweza kutoka "ya kawaida", kwa sababu anayetoa amri ndiye mgonjwa. T4 huru ndiyo itakayoonyesha kuwa iko chini. Na kwake levothairoksini haianzi kabla ya kupima kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, na kuirudisha, kwani homoni ya tezi huongeza kasi ya mwili kutumia kotisoli, na mwenye upungufu wa kotisoli anaweza kuzimia na kufariki. Tahadhari hiyohiyo inamhusu mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na sasa anakonda, ana presha ya chini na anapenda chumvi isivyo kawaida. Kifua kikuu huweza kuharibu tezi za adrenali.

Madini ya chuma

Wingi wa damu (himoglobini) ulio chini ya 12 g/dL kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito na 13 kwa mwanamume ni upungufu wa damu. Lakini akiba huisha kabla damu haijapungua. Feritini iliyo chini ya 15 µg/L inathibitisha kuwa chuma kimekwisha, na madaktari wengi hushuku upungufu ikiwa chini ya 30. Kwa hiyo mwanamke mwenye damu 12.3 na feritini 8 hajambo kwa karatasi ya kwanza tu. Ya pili inaeleza uchovu wake. Chuma pia kinahusika na tezi moja kwa moja, maana kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya tezi kinahitaji chuma. Na tezi iliyolegea huongeza hedhi. Ukikuta kimoja, tafuta na kingine.

Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 za feri salfeti kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku kinatosha, na kwa anayesumbuliwa na tumbo, kimoja siku moja na kupumzika siku ya pili. Kumeza vitatu kwa siku ni desturi ya zamani: dozi ya asubuhi huamsha homoni ya ini inayofunga njia ya chuma kwa saa nyingi, kwa hiyo vya mchana na jioni huishia kuleta kichefuchefu na choo kigumu. Meza kwa maji yenye limau au kwa chungwa, na chai ikae mbali, saa moja kabla na mbili baada. Chai ya rangi na ya maziwa zote zinazuia. Hii ni sababu ya kawaida ya "vidonge vya damu havijanisaidia": vilimezwa na kikombe cha chai mkononi. Choo kuwa cheusi ni kawaida; choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu mbaya, ni damu, na hiyo ni hospitali leo.

Damu inapaswa kupanda kama 2 g/dL ndani ya wiki tatu hadi nne. Isipopanda, tafuta sababu. Ikifika kawaida, endelea miezi mitatu ili kujaza akiba. Wengi huacha hapa, na mwaka haupiti wako palepale.

Jiulize pia chuma kilienda wapi. Mashambani, minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo za anayetembea pekupeku na kunyonya damu utumbuni. Albendazoli ya miligramu 400 kwa mara moja ndiyo dawa, na viatu ndivyo kinga. Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma lazima achunguzwe tumbo na utumbo, maana huenda kuna kidonda au saratani inayovuja. Kumpa vidonge na kumwacha aende ni kosa. Na mwenye chembe ndogo za damu lakini feritini nzuri huenda ana thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huyo asimeze chuma.

Vidonge hivi vifungiwe mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

B12, vitamini D na madini joto

B12 ikipungua, chembe nyekundu huwa kubwa badala ya ndogo, miguu inaingia ganzi, mtu anayumba gizani. Usimeze asidi ya foliki peke yake kwa dozi kubwa hapo: damu itarekebika na mishipa ya fahamu itaendelea kuharibika kimyakimya. Tiba ya walioathirika mishipa ni sindano. Wenye ugonjwa wa kinga kushambulia tezi hupata upungufu huu zaidi ya wengine, kwa kuwa kinga hiyohiyo hushambulia na tumbo.

Vitamini D chini ya 30 nmol/L, yaani 12 ng/mL, ni upungufu. Huwapata hata wa pwani na Uarabuni wanaojisitiri na kukaa ndani, na wenye ngozi nyeusi wanaoishi Ulaya kaskazini, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi jua halitoshi. Uingereza hushauri maikrogramu 10 kwa siku miezi hiyo. Zaidi ya hapo, ni kwa daktari.

Madini joto, yaani ayodini, ndiyo mali ghafi ya homoni ya tezi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Hesabu yake ni rahisi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ni kama gramu 5, ambacho pia ndicho kikomo cha chumvi ya siku nzima. Chumvi yenye sehemu 30 za ayodini kwa milioni hutoa maikrogramu 30 kwa kila gramu, jumla 150. Kwa hiyo hakuna haja ya kula chumvi nyingi, bali chumvi sahihi. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni, hata ikitoka baharini, ina ayodini kidogo mno isipoongezwa kiwandani. Nunua pakiti iliyoandikwa kuwa na madini joto, iweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jiko na jua, na itie mboga inapokaribia kuiva.

Mahali ambapo mhogo mchungu ndio chakula cha kila siku, kama sehemu za Kongo, uandaaji nao ni muhimu. Sianidi ya mhogo ikiingia mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi kuvuta ayodini. Menya, loweka siku tatu, kamua, anika hadi ukauke kabisa. Kabichi iliyopikwa, kwa mtu anayetumia chumvi nzuri, haina neno. Kuwakataza wagonjwa mboga za majani ni kuwanyima bure.

Vidonge vya mwani na matone ya ayodini viacheni. Ayodini nyingi ghafla inaweza kuifunga tezi isifanye kazi, au kuilipua iende mbio, hasa yenye rovu la siku nyingi.

Levothairoksini inavyomezwa

Dozi kamili ya mtu mzima ni karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 60 huishia karibu na 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 25 na kupanda polepole. Kimeze na maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au uji. Chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa nne. Asiyeweza asubuhi ameze wakati wa kulala, saa tatu zikiwa zimepita tangu mlo wa mwisho. Anayefunga Ramadhani anaweza kufanya hivyo baada ya futari, au kuamka kabla ya daku. La msingi ni kila siku kufanana na jana.

Joto huiharibu dawa hii. Inatakiwa ikae chini ya nyuzi 25, ndani ya pakiti yake, mbali na dirisha, gari na jiko. TSH iliyokuwa nzuri ikipanda ghafla bila dozi kubadilika, uliza kwanza ilikaa wapi.

Usitarajie nafuu kwa siku tatu. Dawa huchukua wiki kadhaa kujaa mwilini, na TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Kupima mapema ni kupoteza fedha. Ukisahau kidonge na kukumbuka siku hiyohiyo, meza. Ikiwa ni kesho yake, endelea na cha siku hiyo. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi ni dalili kuwa dozi imezidi. Kuizidisha makusudi ili kupunguza unene huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Tezi inapokwenda mbio

Kukonda huku unakula vizuri, kutetemeka, jasho, macho kutokeza: hapa TSH huwa chini kabisa. Wengi hupelekwa kuombewa kwanza kwa sababu ya hasira na kukosa usingizi, na wiki zinapotea. Tiba ya kawaida ni kabimazoli. Anayeitumia akipata homa au koo kuuma, aache dawa na kupima chembe nyeupe siku hiyohiyo, kwani mara chache huzimaliza. Homa kali, moyo kwenda mbio mno na kuchanganyikiwa ni dharura ya usiku huohuo.

Mimba ikiingia

Anayetumia levothairoksini na hedhi ikachelewa, apime mimba wiki hiyohiyo. Mtoto katika miezi mitatu ya kwanza hutegemea homoni ya mama kwa ajili ya ubongo wake, na mahitaji hupanda mapema, kabla ya siku ambayo wengi huanza kliniki. Mimba ikithibitika, dozi huongezwa kwa robo au zaidi kidogo. Njia inayotumika sana ni kumeza vidonge viwili vya ziada kwa wiki, tisa badala ya saba. Zungumza na daktari juu ya hilo hata kabla ya kutafuta mimba, ili siku ikifika ujue la kufanya. TSH ipimwe kila wiki nne hadi katikati ya mimba, vidonge vya chuma vya kliniki vimezwe jioni, saa nne au zaidi mbali na cha tezi, na baada ya kujifungua dozi irudi ilipokuwa, kisha ipimwe tena wiki ya sita.